Nta Ndani ya Injini

“Ulijua,” alisema Ngwali. “Tangu siku ya kwanza ulijua chuma kina ufa, ukanyamaza.”

“Ningejua, Baba, ningelitengeneza gari hili la nini? Nikae miezi yote ile na chuma kibovu nipate nini?”

“Upate kuitwa fundi.”

Himid aliiweka spana juu ya bawa la gari, polepole, kama mtu anayeweka yai. Gari lilikuwa kati yao, boneti limefunuliwa, mvuke ungali ukitoka kwenye mdomo wa rejeta. Asubuhi ile walitaka kulifikisha Gombani, likachemka katikati ya kilima kama lilivyochemka mara zote, wakalisukuma mpaka nyumbani Wawi huku watu wamesimama kando ya njia wakitazama. Jirani mmoja aliuliza kama leo wamepika wali au muhogo.

Mwanawema, mke wa Ngwali, alikuwa mlangoni mwa jiko akimenya mihogo. Siku nyingine angekwisha kuingia kati ya wanaume wale wawili na kumwambia kila mmoja kosa lake. Wawi nzima ilimjua hivyo. Neno likiwa la kweli hulitoa, na linayemchoma shauri yake. Leo alimenya mihogo, na alikuwa akiondoa nyama pamoja na ganda.

Himid hakuwa mwanawe wa kuzaa. Alikuwa mtoto wa dada yake, aliyefariki mtoto akiwa mchanga, na Mwanawema akamchukua akamnyonyesha pamoja na binti yake Time. Himid alipokua alikwenda Unguja kujifunza kazi ya magari, na aliporudi Ngwali akanunua gari lililokuwa limekufa uani kwa Gulamali, mwenye duka wa Chake Chake. Injini imekwama, kuku wanataga chini ya kiti. Himid aliifungua yote. Alitoa pistoni, akasugua kutu, akapeleka vipande Unguja kuchongwa, akairudisha injini kipande kwa kipande mpaka siku ilipowaka. Siku hiyo Ngwali alizunguka mtaa mzima kuwaambia wenye mikarafuu kwamba msimu huu karafuu zao zitakwenda mjini kwa gari, si kwa punda wala kichwani.

Sasa karafuu zilikuwa zikianza kuiva, na gari halipandi kilima.

“Mimi nimekueleza nilichokiona,” Himid alisema. “Maji yana mafuta. Mafuta hayana njia ya kuingia kwenye maji isipokuwa gasketi imekufa au chuma kimepasuka. Gasketi nimebadilisha. Limebaki moja. Lakini ufa huo sikuuona wakati naifunga, na sikuuweka mimi.”

“Basi umetoka wapi?”

“Sijui.”

“Hujui. Kazi yako hiyo, na hujui.”

Maneno yale hayakuwa ya Ngwali. Mwanawema aliyatambua mara moja, kwa sababu yalikuwa yake.

Ilikuwa safari ya kwanza, injini ndiyo kwanza imefungwa, gari limejaa jamaa waliotaka kupelekwa Chake Chake kwa fahari tu. Yeye alikaa mbele. Kilimani mvuke ukaruka, Himid akashuka, akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, na maji ya moto yakapanda juu kama yanarushwa. Wanawake waliokaa nyuma wakapiga mayowe. Mwanawema alikuwa na aibu, na aibu kwake hugeuka ukali. Mbele ya wote alimwambia Himid kwamba miezi yote ile alikuwa akichezea spana, kumbe kazi yenyewe haijui. Himid aliinama, akasubiri injini ipoe, akatia maji mengine. Hajawahi kumjibu.

Jioni ya siku hiyo Mwanawema alipokunja kanga yake aliona pale maji yaliporukia pamefanya matone meupe, makavu. Alilikwangua tone moja kwa ukucha. Lilikuwa laini. Akalinusa. Nazi. Akalisugua kati ya vidole likawa linanata, na hapo akakaa kitandani.

Nta ya nyuki na mafuta ya nazi. Mchanganyiko wake mwenyewe.

Himid alipokwenda Unguja kuchongesha vyuma vyake ilikuwa katikati ya masika. Aliiacha injini tupu bandani, lile bonge kubwa la chuma lenye matundu, juu ya jamvi, limefunikwa kwa gunia. Alimwambia mama yake lisiguswe na mtu mpaka arudi. Mvua ikanyesha mfululizo. Banda likavuja, na hewa ikawa ile ya Pemba wakati wa masika, ambapo nguo haikauki na kisu ukikilaza usiku asubuhi kina wekundu. Mwanawema hakuna chuma ndani ya nyumba yake kilichowahi kupata kutu. Cherehani, mapanga, mbuzi ya kukunia nazi, vyote hupakwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto na kipande cha nta ndani yake, ili yasichuruzike. Mama yake alifanya hivyo, na kila mwanamke anayejiheshimu hapa hufanya hivyo. Akainua gunia, akatazama ndani ya yale matundu, akaona chuma kilichosuguliwa kikianza kutoka jasho. Akapasha sufuria nzima. Alikiinamisha kile chuma kwa mchi wa kinu, akamimina tundu baada ya tundu mpaka yakatokea upande wa pili, kisha akafuta nje kwa kitambaa kikavu pakawa safi.

Himid aliporudi alifunua gunia akamshukuru Mungu kwamba mvua haikuingia. Mwanawema alikuwa akipita na ndoo. Alifurahi moyoni, wala hakusema kitu, maana hakuona kama ni jambo la kusemwa. Mtu husema ameosha vyombo?

Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na lingesameheka hata na mtoto. La pili halikuwa hivyo.

Siku chache baada ya safari ile ya aibu, Himid alikuwa amekaa mbele ya gari akilichunguza jambo moja baada ya jingine. Alitazama mkanda wa feni, hautelezi. Alirekebisha cheche zisichelewe. Alipima oili. Aliondoa mbegu za nyasi na vumbi kwenye uso wa rejeta kwa ubua. Kisha aliiwasha injini akaiacha ingurume, akaweka kiganja juu ya rejeta, akakitoa upesi kwa moto. Akakiweka chini, akakiacha pale. Akaita, “Mama, njoo uguse.”

Aligusa. Juu kunaunguza, chini kuna ubaridi wa mtungi.

Himid alimweleza, kwa sababu alipenda kueleza. Gari hili halina pampu ya maji. Maji yakipata moto hupanda yenyewe kutoka kwenye injini mpaka juu ya rejeta, yakashuka ndani ya vijibomba vyembamba huku yanapoa, yakarudi injini kwa chini. Mzunguko ukiwa mzima, joto la juu na la chini hupishana kidogo tu. Hapa maji ya juu hayashuki. Kuna kitu kimeziba njia, na kitu chenyewe ni cha ajabu, kwa kuwa gari likishachemka sana na kukaa, huenda vizuri kwa muda, halafu huziba tena.

Mwanawema alielewa kuliko Himid. Nta huyeyuka kwenye moto na kuganda kwenye baridi. Ilikuwa ikitoka ndani ya injini, ikienda na maji, ikifika chini ya rejeta penye ubaridi ikaganda ndani ya vile vijibomba, kama mafuta yanavyoganda kwenye mdomo wa chupa.

“Nilipokuwa Unguja,” Himid alimuuliza, “kuna mtu aliingia bandani?”

Alikuwa na nafasi. Hapakuwa na mtu mwingine uani. Jua lilikuwa zuri, mwanawe amekaa chini amemwinulia uso, hana hata hasira. Ilikuwa neno moja.

“Nani aingie?” alisema. “Kuku tu.”

Himid akacheka, akarudi kazini.

Kwa nini alisema vile hakuweza kujieleza hata yeye. Labda kwa kuwa alimdhalilisha barabarani mbele ya watu, na kusema kweli sasa ilikuwa ni kuyala maneno yale yote, mbele ya walewale. Yeye aliyekuwa akiwaambia wanawake wa mtaa kwamba uongo ni kazi ya wavivu. Alijiambia nta itakwisha yenyewe. Itatoka kidogo kidogo kila gari likichemka, na siku moja litapanda kilima, na hakuna atakayejua. Badala yake Himid aliifungua injini tena, akakuta kwenye mdomo wa mpira wa maji utandu mweupe kama tui lililokatika, akadhani ni oili ya injini iliyopigwa na maji. Mikono yake na nguo zake zilinuka oili mchana na usiku; angeinusaje nazi, tena ndani ya nyumba ambayo kila chungu kinanuka nazi? Akabadilisha gasketi. Halafu akaja kwa Ngwali akiwa na uso wa mtu aliyefiwa, akamwambia chuma kimepasuka.

Sasa walikuwa hapa.

“Sikiliza, Baba,” Himid alisema. Sauti yake ilishuka, na hiyo ilimtisha Mwanawema kuliko makelele. “Umeniita mwongo. Mtaani wananiita mpishi. Mimi kesho nikishika gari la mtu mwingine nani atanipa? Twende kwa Shehe Othman. Isomwe halbadiri.”

Halbadiri si neno la kutajwa kwa hasira tu. Ni kisomo cha kumwombea maangamizi aliyefanya dhuluma akajificha, na kikishasomwa hakina marejeo. Humfuata mwenye kosa popote alipo. Mtu mwenye akili hakiitishi kwa jambo dogo, na mtu mwenye kosa hakiitishi kabisa.

“Unajua unalolitaka?” Ngwali aliuliza.

“Najua. Na kama ni mimi, inianzie mimi.”

Akaosha mikono kwenye ndoo, akavaa kanzu, akaondoka kwenda kwa Shehe.

Kabla ya adhuhuri jibu likaja kwamba Shehe Othman atafika baada ya sala ya alasiri, na kisomo kitakuwa barazani, pale pale kwenye gari. Ngwali alikuja jikoni kumwambia mkewe atayarishe ubani na kahawa. Alikuwa amepoa. Alionekana mtu aliyejikuta kwenye jambo kubwa kuliko alivyokusudia.

“Mkataze,” Mwanawema alisema. “Wewe ndiye baba yake. Mwambie umesamehe.”

“Nimsamehe nini, hali yeye anasema hakukosa?”

“Useme yamekwisha.”

“Mwanawema, usimtetee kwa kuwa ni wa dada yako. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema kazi haijui. Mimi siku ile nilikuwa bado namwamini. Nikasema, ikiwa mama yake anasema hivi, basi iko namna.”

Akatoka. Mwanawema alibaki amesimama na kijiko cha ubani. Hakuwa amejua hilo. Alidhani Ngwali ameanza kumshuku Himid kwa sababu ya gari. Kumbe alianza kwa sababu yake yeye.

Angeweza kumfuata pale pale. Badala yake alitwanga kahawa. Time, aliyekuwa amerudi kwao kusubiri kujifungua, alimwambia mama yake amekuwa mweusi usoni, akapumzike, yeye ataupanga moto. Mwanawema akamwambia akae chini, mimba ya miezi minane haipulizi moto. Alisema kwa ukali usio na sababu na Time akakaa.

Alasiri ikapita. Shehe Othman alikuja na wazee wawili wa msikitini, wakakaa barazani juu ya mkeka. Kutoka kwenye ushoroba wa nyumba, nyuma ya pazia, Mwanawema aliwaona wote. Shehe alikuwa mtu wa taratibu. Hakufungua kitabu. Alitaka kwanza kulijua jambo lenyewe, akauliza gari lina nini, na Himid akasema ni bora aone kwa macho.

Akazungusha hendeli. Injini ikashika mara moja, ikanguruma vizuri, sawasawa, kama cherehani. Hata Mwanawema aliweza kusikia kwamba ile ilikuwa kazi ya mtu anayejua. Himid akaegemeza mawe mbele ya magurudumu akaongeza moto ili iwe kama inapanda. Wazee wakasogea. Akamwomba Shehe aweke mkono juu ya rejeta, kisha chini, na Shehe akafanya hivyo, akatikisa kichwa. Haukupita muda mrefu kifuniko kikaanza kutetemeka, mvuke ukatoka pembeni, kisha maji yakabubujika yakamwagika kwenye mchanga. Himid akazima. Ikabaki sauti ya chuma kinachopoa, na ndani ya ule mvuke ulioingia mpaka ushorobani Mwanawema akasikia harufu ya jiko lake.

Ngwali alieleza upande wake. Hakuzidisha. Alisema chuma kimepasuka, na fundi alikuwa akijua ama alikipasua mwenyewe kwa kukaza vibaya, kisha akaficha. Himid akaeleza wake. Shehe akamuuliza kama anafahamu atakachokiombea, na kwamba halbadiri haimwangalii mtu kuwa ni wa nyumba hii au ile.

“Nafahamu,” Himid alisema. “Iwapo nimeliharibu gari hili nikaficha, inishukie. Iwapo ni mkono mwingine, imshukie mwenye mkono huo na kizazi chake.”

Nyuma ya pazia Mwanawema alishika ukuta. Kitu cha kwanza alichokihisi ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa ya nafsi yake, na ya Time na tumbo lake mle chumbani. Cha pili kilikuwa aibu kwamba hofu ilitangulia. Siku zote hizi Himid amebebeshwa mzigo, yeye amelala na kuamka na kula. Sasa mzigo umegeuka kumtazama yeye ndipo anaogopa. Na Himid mwenyewe ni kizazi chake. Maziwa aliyoyanyonya ni haya haya. Alikuwa akijiombea hilaki pande zote mbili bila kujua.

Alijiambia atasema kesho. Usiku atamwambia Ngwali, kesho Ngwali atamwambia Shehe, wataomba Mungu afute. Watu hufanya hivyo.

Shehe Othman alivuta chetezo karibu. “Neno la mwisho kabla sijafungua,” alisema. “Mkono mwingine umetajwa. Kuna mtu mnayemdhania? Sitaki tumsomee asiyetajwa hali yupo mnayemjua. Ulipokuwa Unguja chuma hiki kilikaa wapi?”

“Bandani,” Himid alijibu. “Lakini hapana, Shehe. Sina ninayemdhania. Nilimuuliza mama yangu, naye alikuwepo siku zote, hakutoka. Amesema hakuna aliyeingia.”

“Yumkini hakuona.”

“Mama angeona. Na Mama hasemi uongo. Kwa hiyo mlango huo ufunge, usimtie mtu mwingine kwenye jambo hili. Nisomewe mimi peke yangu.”

Mzee mmoja alisema hapo kijana amesema vizuri. Shehe Othman akatia ubani kwenye makaa, akafungua kitabu magotini, akatafuta ukurasa.

Mwanawema aliinua pazia akatoka.

Hakuwa amejitanda sawasawa. Kanga ilikuwa mabegani na kichwa kimefunikwa nusu. Mwanamke haingii barazani kwenye kisomo cha wanaume, na wazee wakainamisha macho wakidhani amepatwa na jambo ndani. Ngwali alianza kuinuka.

“Funga kitabu, Shehe,” Mwanawema alisema. “Mkono ni wangu.”

Akaendelea kwa sababu alijua akisita hatamaliza. Alisema masika, banda lilipovuja, alipasha mafuta ya nazi na nta akayamimina ndani ya chuma kwenye kila tundu, na alikuwa ameambiwa asikiguse. Alisema Himid alipomuuliza alimjibu uongo. Alisema chuma hakijapasuka mahali popote. Ile si oili, ni nazi, na kinachoziba chini ya rejeta ni nta, na yeye anajua tangu siku ya safari ya kwanza, tangu jioni ile ile aliyokunja kanga yake.

“Tangu siku ile?” Ngwali aliuliza.

“Tangu siku ile.”

“Na asubuhi hii namwita mwongo mbele yako.”

“Nilikuwa namenya mihogo,” Mwanawema alisema. “Nilisikia kila neno.”

Shehe Othman alifunga kitabu, akakibusu, akakiweka pembeni. Aliuliza kwa upole kama bado kuna mtu anayetaka kisomo. Mwanawema alikuwa anamtazama Himid, na Himid alikuwa anaitazama injini. Hakuonekana mwenye hasira wala mwenye furaha. Alionekana anafikiri, kama mtu anayepita tena njia aliyoipita na kuona pale alipopotea. Alikwenda kwenye dimbwi lililomwagika mbele ya gari, akachovya kidole, akanusa. Akabaki amechuchumaa, amewapa wote mgongo.

“Himid,” Mwanawema aliita.

Hakugeuka. “Siku ile niliyokuita uguse,” alisema. “Ulikuwa unajua.”

“Nilikuwa najua.”

“Nikakueleza mimi. Vijibomba, na maji yanavyopanda.”

“Ukanieleza.”

Himid akafuta kidole kwenye kanzu yake safi, bila kuangalia.

Mwanawema alitaka kumwomba msamaha, na aliona neno hilo, kwa sasa, lingekuwa ni kumwomba tena kitu mtu aliyekwisha kuombwa mno. Atamwomba kesho, na kesho kutwa, na mbele ya jamaa wale wale waliokuwa kwenye gari. Sasa kulikuwa na kazi, na kazi ilikuwa yake.

Aligeuka akamwita Time. Alimwambia atume mtu alete kuni, lile sufuria kubwa la shughuli liwekwe motoni limejaa maji, na magadi yote yaliyomo kwenye mkebe yatiwe humo. Sufuria lililoganda mafuta huoshwa kwa maji ya moto na magadi, na chuma hiki hakina tofauti. Mara mbili, mara tatu, mpaka kitoke safi. Alisema haya kwa sauti ili Himid asikie, apinge kama kuna cha kupinga. Hakupinga.

“Lakini yaliyomo yatoke kwanza,” Mwanawema alisema, “kabla hayajaganda.”

Alivua kanga ya juu akaifunga kiunoni, akachukua karai lililokuwa chini ya mtungi. Ngwali alisema, “Mwanawema, wacha, hii si kazi ya...” naye akamwambia atasema baadaye, atamsikiliza mpaka amalize, usiku kucha akitaka. Wazee walikuwa wamesimama. Hakuna aliyekuwa anaondoka. Akapiga magoti kwenye mchanga uliolowa, akalala ubavu, akaingia chini ya gari mbele ya Shehe Othman na wote waliokuwapo, akisukuma karai mbele yake.

Chini kulikuwa na joto na giza. Oili ilimdondokea kwenye shavu. Alipapasa akakuta vyuma vingi na hakuvijua.

“Koki iko mkono wa kushoto,” sauti ya Himid ilisema kutoka juu. Haikuwa na ukali, wala haikuwa na kitu kingine. “Chini kabisa. Zungusha kwenda kwako. Maji ni ya moto, toa uso.”

Aliishika. Iliunguza. Hakuiachia, aliikunjia ncha ya kanga akazungusha, mara ya kwanza ikagoma, mara ya pili ikalegea, na maji yakaanza kutoka, mwanzo matone, kisha mchirizi mwembamba, kisha yakakatika kabisa. Akaokota kijiti cha ubua mchangani, akakiingiza kwenye tundu, akachokoa. Kitu laini kikasogea. Kikatoka kama mdudu mnene, mweupe, wa kimanjano, kikaangukia ndani ya karai, na nyuma yake maji yakafunguka kwa nguvu, ya moto, yakimrukia mikononi, yamejaa vipande vya nta. Akaendelea kushikilia karai mpaka likajaa, akalivuta nje, akaomba lingine.